Njia ya shule: maneno yetu mbele ya wakaaji wa Ndosho, Goma

(Yalisemwa siku ya posho, tarehe 10 Septemba 2022, mbele ya wazazi, walimu, wamotari na vijana wa kartie.)

Tunajua leo ni siku ya posho, na wengi wenu mumeacha biashara ili mutusikilize. Hatutazunguka.

Tunataka kuongea juu ya watoto wanaotembea kwa muguu kwenda shule, na barabara wanayopita. Wiki hii wengine walituuliza: katika muji ambao kila siku habari ni ya vita, nyinyi munaona tatizo ni dodane? Ndiyo, tunaona hivyo pia. Juu ya vita munatujua, tunasema na tutaendelea kusema. Lakini hakuna mutu hapa ndani anayeweza kusimamisha vita kesho asubuhi. Gari linalopita mbele ya shule kama linakimbia kwenda Masisi, hilo kuna watu wenye jina na ofisi ambao wanaweza kulipunguza mwendo. Na kuna kazi nyingine ambayo avenyu yenyewe inaweza kuifanya bila kungojea mutu. Mama aliyepoteza mutoto chini ya Fuso hana kilio kidogo kuliko mama wa yule aliyepigwa risasi.

Wengi wetu tuko na diplome ya iniversite na hatuna kazi. Tunasema hivyo bila haya, juu ndiyo ukweli wa vijana wa Goma. Kwa mara moja umetusaidia: mutu asiye na kazi anaweza kusimama kando ya barabara saa 12 na nusu ya asubuhi bila kuomba mupatroni ruhusa. Asubuhi tatu za wiki hii tulisimama kwenye barabara ya Sake, pale njia ya kuingia Ndosho inapokutana na lami. Hatukuja na hesabu za kupamba maneno. Tutawaambia tulichoona, na nyinyi munaokaa hapa mutasema kama tunadanganya.

Kwanza, mutoto hana mahali pa kutembea. Pembeni ya lami kuna rundo la mawe ya volkano ambalo mutu aliteremusha juu anajenga. Baada ya rundo, meza ya mama anayeuza mikate na makala. Kisha moto sita zinangoja wateja, kisha lori lililolala pale tangu jana na tairi moja imetolewa. Basi mutoto wa mwaka wa kwanza, mwenye shati nyeupe na kaptula ya bluu, anashuka kwenye lami. Anatembea metre ishirini katikati ya magari, anarudi pembeni, anashuka tena. Hakuna mutu aliyemukosea kwa makusudi. Yule mama anatafuta chakula ya watoto wake. Lakini tukijumulisha hao wote, pembeni imekwisha, na anayelipa ni mudogo kuliko wote.

Pili, tuangalie mulango wa taksibisi. Hiki kitu tunakiona kila siku mpaka hatukioni tena. Kongo tunapita upande wa kuume. Taksibisi zetu nyingi zilitengenezwa kwa inchi ambako wanapita upande wa kushoto, ndiyo maana volani iko kuume, na ule mulango wa kuvuta uko kushoto. Taksibisi ikisimama pembeni yetu, mulango unafungukia wapi? Unafungukia katikati ya barabara! Mutoto anaruka na kikapo chake mugongoni, muguu wa kwanza uko tayari mbele ya moto inayopita. Halafu anazunguka nyuma ya bisi ili afike upande wa shule, na dereva wa gari linalokuja hawezi kumuona mpaka atokee. Hata dereva mwenyewe, juu volani yake iko upande wa pembeni, akitaka kupita gari lingine anapaswa kutoa nusu ya gari inje mbele aone kinachokuja. Tuseme wazi: hatuwezi kugeuza magari yote ya Goma. Tunaweza kuamua mahali yanaposimama.

Tatu, ni kimo. Mutoto wa miaka saba akisimama mbele ya jeep, kichwa chake kinapita kapo ya gari kidogo tu, ao hakipiti. Akiwa karibu sana, dereva wa jeep anaweza asimuone. Na mutoto naye, mbele afikishe miaka tisa au kumi, hajui bado kupima kama gari linakuja haraka au polepole. Anaona tu kama liko mbali ao karibu. Kumupigia kelele "angalia muzuri!" ni kumwomba kazi ambayo akili yake haijakomaa kuifanya. Tuliona wadada wa miaka kumi wanashika wadogo wao wawili, mukono mmoja huku, mwingine huku, wanangoja nafasi ya kuvuka, wanasonga, wanarudi, wanasonga. Mwisho wanakimbia. Na kukimbia ndiko kunawauwa.

Chukudu tunaziheshimu, zimejenga muji huu, na pale rond-point tumezipa sanamu. Lakini ile iliyobeba magunia ya makala na inashuka, freni yake ni kipande cha mupira kwenye gurudumu la nyuma, mwenye nayo anakikanyaga kwa muguu. Tusitegemee itasimama mbele ya mutoto.

Sasa tuseme juu ya mwezi wa tano. Wote munajua tunaongea nini. Jina la mutoto hatutalitaja, wazazi wake wako pamoja nasi hapa na walituomba hivyo. Aligongwa na moto saa 1 kasoro, kikapo kikabaki pale, na kabla hata hajafika hospitali watu walikuwa wameshaichoma ile moto. Motari aliponea kwa kukimbia. Kuna watu hapa wanaona tulikosa kwa kuwakataza vijana waliotaka kumufuata nyumbani kwake. Hatukukosa. Kwa siku tatu watu walisema "tumefanya haki". Siku ya ine, saa 1 kasoro, mahali pale pale, moto zingine zilipita kwa mwendo ule ule, na watoto wengine walivuka kwa kukimbia vile vile. Ile moto iliteketea, barabara haikubadilika hata kidogo. Na yule motari, wengi wenu wamotari munajua maisha yake juu ni maisha yenu: moto si yake, kila jioni anapaswa kupeleka versema kwa mwenye nayo, asipofikisha leo kesho hana kazi. Kwa hiyo anakimbia. Anabeba watoto watatu kwa safari moja juu mama hana franga za safari mbili. Tunaweza kumukasirikia, na siku ile tulimukasirikia sana, lakini hasira hiyo haitavusha mutoto hata mmoja.

Wengine, nao ni wengi zaidi, walisema: Mungu alipenda. Sisi pia tunasali. Lakini tunauliza tu, mbele ya wachungaji wetu waliopo: juu ya nini Mungu apende mahali pamoja, saa moja, kila mwaka? Pale pana kitu ambacho mikono ya watu ilitengeneza. Lami ilipokuwa mbovu, mashimo yalikuwa yanapunguza mwendo yenyewe. Ilipotengenezwa ikawa laini, tulishangilia, na tulikuwa na sababu ya kushangilia, juu vumbi na mashimo vilituchosha. Ila waliotengeneza waliwaza gari tu. Mutu wa muguu, hawakumuwekea njia.

Hebu tupime kitu. Gari linalokwenda kilometre 50 kwa saa linakula karibu metre 14 kwa sekunde moja. Kwa kilometre 30, linakula kama metre 8. Sekunde moja ndiyo dereva anahitaji ili macho yaone na muguu ufike kwenye freni, na huyo ni dereva mwenye kuwa macho, asiyeongea kwa simu. Mbele ya shule, hizo metre sita za tofauti ni mutoto kufika upande wa pili ao kutofika. Na mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga inazidi mara ine. Hii si maneno ya mouvement, ni fizike ya shule ya sekondari, mwalimu amekaa pale atatusahihisha. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinaua kwanza watu wa miaka 5 mpaka 29 katika dunia. Si malaria, si sida. Ni sisi hao, na wadogo zetu.

Kuna watakaosema dawa yake ni ya Wazungu na ni ya bei. Basi tusiende Ulaya, twende Dar es Salaam, ambako wanaongea Kiswahili, kizuri kuliko chetu, tunakubali. Kule shirika linaloitwa Amend lilichagua shule ambazo watoto wake wanagongwa sana, likatembea na watoto kutoka nyumbani mpaka darasani ili lione mahali pa hatari, kisha likafanya vitu vidogo: dodane, mistari nyeupe ya kuvukia, njia ya muguu yenye vizuizi ili moto zisipande, vibao. Hata kusogeza geti ya shule itoke upande wa barabara kubwa ielekee njia ndogo. Geti, wandugu! Walipopima baadaye, watoto waliojeruhiwa walikuwa wamepunguka kwa karibu robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata zawadi ya kimataifa ya miji. Ni vitu ambavyo fundi wa Ndosho anaweza kufanya na simenti, rangi na mawe ambayo Nyiragongo ilitupatia bure.

Sasa kazi hii ni ya nani? Hapa tunaomba musikilize vizuri, juu ndipo watu wengi wanapotea. Barabara ya Sake ni barabara ya taifa, RN2, inahusu Office des Routes. Njia za ndani ya muji zinahusu OVD. Franga za kutunza barabara zinapita kwenye FONER, ambayo sheria ya tarehe 7 Julai 2008 iliianzisha, na inakula kwenye mafuta na kwenye peaje. Maana yake kila litre ambayo motari wa hapa ananunua asubuhi, ameshalipa kitu juu ya barabara. Mama aliyelipa motari amelipa pia. Kwa hiyo tukienda kuomba dodane, tusiende kama watu wanaoomba zawadi.

Tangu Septemba 2019 shule za primeri za serikali ni bila kulipa, vile katiba inasema kwenye kifungo cha 43. Tulifurahi, na watoto waliokuwa wanabaki nyumbani waliingia darasani. Madarasa yakajaa, shule zingine zikafanya wa asubuhi na wa mangaribi. Wale wa mangaribi wanarudi wakati giza inakaribia, kwenye barabara isiyo na taa. Leta ilihesabu viti na mishahara ya walimu, tena mishahara yenyewe munajua ilivyo. Njia ya kutoka nyumbani mpaka kwenye kiti haikuingia kwenye hesabu.

Tunachoomba tuliandika kwenye ukurasa moja, juu mukubwa hasomi kurasa kumi. Dodane mbili mbele ya kila shule inayopakana na lami, zenye rangi, na kibao mbele yake. Mistari ya kuvukia. Metre mia moja kila upande wa geti bila lori kulala na bila moto kungoja wateja. Mahali maalumu pa taksibisi kusimama, mbali na geti, penye nafasi ya mutoto kuteremuka bila kukanyaga katikati ya barabara. Kilometre 30 kwa saa mbele ya shule. Na polisi wa rulaje wawili, saa ya kuingia na saa ya kutoka, kazi yao iwe kuvusha watoto tu. Basi. Hatukuomba daraja la hewani.

Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya état de siège. Gavana ni mwanajeshi, meya ni afisa wa polisi, na wadepite wa jimbo hawaketi. Kuna wazazi wanaoogopa kuweka sinyatire, na tunawaelewa. Kuna wenzetu ambao wamelala kwenye gereza juu ya mambo madogo kuliko haya. Ndiyo maana tulichagua petisyo. Kifungo cha 27 cha katiba kinasema kila Mukongomani anaweza kupeleka petisyo kwa mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kinasema tena kwamba mutu hawezi kushitakiwa juu ya kuanzisha petisyo. Tumechapa kifungo hicho nyuma ya karatasi yenyewe, ili anayekuja kukuuliza umusomeshe.

Karatasi tutaipeleka kwa wote siku moja: meya, burgumesta wa Karisimbi, OVD, Office des Routes, FONER. Siku moja, ili mutu asitutume kwa mwingine. Kila moja itapigwa muhuri ya kupokelewa, na picha ya muhuri tutaiweka hapa ambapo wote wanaona.

Katika mikutano ya vijana kulikuwa na mabishano makali, na tunataka muyajue. Wengine walisema: tusingoje, usiku wa leo tuweke mawe na udongo kwenye lami, tutengeneze dodane yetu. Tunaelewa hamu hiyo. Sehemu nyingi za muji zimefanya. Lakini dodane ya mawe isiyo na rangi, usiku bila taa, inaangusha motari na muteja wake, na mvua ya kwanza inaifanya kuwa shimo. Tutakuwa tumehamisha kilio kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Tulipiga kura, wale wa mawe wakashindwa kwa kura chache sana, hatutaficha. Tulikubaliana hivi: miezi mitatu ya petisyo kwanza. Wasipojibu, tutakaa chini mbele ya ofisi, bila jiwe na bila tairi kuchomwa, na watoto hawatakuwa pale, juu hatutumii watoto kama ngao.

Miezi mitatu ni mingi kwa mutoto anayevuka mara mbili kila siku. Kwa hiyo kuanzia siku ya kwanza, kesho kutwa, sisi wenyewe tutasimama. Tulikwisha kupata jile kumi na mbili za rangi ya kung'aa. Mafundi wa hapa walizishona kwa bei ndogo, aksanti yao. Wazazi wa avenyu moja watakusanya watoto pamoja, waende kwa kundi, mukubwa mmoja mbele na mmoja nyuma, juu dereva anaona kundi la watoto ishirini mbali kuliko mutoto mmoja. Kwenye lami watavukia mahali pamoja tu, pale mbele ya duka la simenti, ambapo dereva anaona mbali pande zote mbili. Wamotari wa parking ile walikubali jana kusogea upande mwingine kuanzia saa 12 mpaka saa 2 ya asubuhi. Hawakulazimishwa, na wamepoteza wateja kwa kukubali, kwa hiyo tunaomba wazazi: mukitafuta moto saa hizo, mutembee kidogo muwafuate kule. Mama wa mikate naye alikubali kuvuta meza yake nyuma metre mbili. Mwenye mawe tumemuandikia, hajajibu.

Kuhusu lori la tairi moja, mwenye nalo kama yuko hapa, tunakuomba kwa heshima. Kama hayuko, mwenye kumujua amupigie simu leo.

Hatutasimamisha magari kwa nguvu. Hatutatukana dereva, hata akitutukana. Mwenye jile ananyoosha mukono, anangoja gari lisimame kabisa, ndipo watoto wanapita. Gari la wakubwa lenye sirene likija, watoto wanabaki pembeni mpaka lipite, hakuna kushindana na sirene. Mutu wa mouvement atakayekunywa pombe usiku wa kuamkia kazi hii, asije.

Petisyo iko pale mezani, karibu na mulango. Asiyejua kuandika ataweka kidole, wino upo. Tunataka walimu waweke sinyatire pia, hata kama mukurugenzi anasita. Siku ya tano, tarehe 16, tunaipeleka. Kwa hiyo jibu linapaswa kuwa limefika tarehe 16 Desemba, wakati watoto wanafanya mitihani.

Wale kumi na wawili wa jile: siku ya kwanza saa 12 kamili, mbele ya duka la simenti. Kama mvua itanyesha, tunakuja na miavuli.